Bahati, Ustadi na Hofu: Kutoka Kikoa cha Liyongo hadi Michezo ya Video ya Kutisha

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa masimulizi ya kutisha wamekuwa wakiuliza swali moja kwa njia mbalimbali: mhusika anayeponea chupuchupu huokolewa na nini, bahati yake au ustadi wake? Swali hilo lilipata uhai mpya michezo ya video ya kutisha ilipoenea duniani katika miaka ya 1990. Katika michezo hiyo anayetishwa si msikilizaji wala msomaji aliyeketi pembeni, bali ni mchezaji ambaye vidole vyake ndivyo vinavyoamua kama mhusika ataishi au atakufa. Akishinda hujisifu kwa umahiri wake. Akishindwa hulalamika kwamba alionewa na nasibu. Mabishano ya wachezaji na ya wataalamu wa michezo kuhusu jambo hili hayajapata suluhu, kwa sababu aghalabu bahati na ustadi huchukuliwa kuwa vitu viwili vilivyo mbali, mithili ya sahani mbili za mizani.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali hilo si geni katika fasihi ya Kiswahili. Limejadiliwa, na kwa kina cha kushangaza, katika masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa ambaye mapokeo yanamhusisha na Shaka, Ozi na Kipini, yaani nchi iliyo kwenye mlango wa Mto Tana, chini ya Garsen. Maisha ya Liyongo, kama yanavyosimuliwa, ni mfuatano wa michezo ya mauti: kikoa, ngoma ya gungu gerezani, na hatimaye fumbo la sindano. Hoja kuu ni kwamba katika masimulizi hayo hofu haizaliwi na bahati wala na ustadi peke yake. Huzaliwa pale ambapo mtu anashindwa kutambua kama lililomfika ni la nasibu au ni la mkono wa mtu. Kwa hiyo swali la bahati na ustadi, katika mchezo wa kutisha wa zama zozote, ni swali la dhamana: nani anajibika kwa mauti yanayotokea?

2.0 Msamiati wa Bahati na wa Ustadi

Historia ya dhana hizi inaweza kuanza na historia ya maneno yenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja jambo lisilo katika uwezo wa mtu: bahati, sudi, nasibu, kudura, kadari, ajali. Maneno hayo hayalingani. Nasibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni fungu au sehemu ambayo mtu amekadiriwa. Leo kusema kwamba jambo limetokea kwa nasibu ni kusema kwamba halikupangwa na yeyote. Kisa cha neno ajali kina mafunzo zaidi. Asili yake ni muda uliowekwa, hususan saa ya kufa ambayo kila kiumbe amepangiwa na Muumba. Katika tungo za kale, mtu aliyefikwa na ajali ni mtu ambaye saa yake imetimia. Katika Kiswahili cha leo, ajali ni tukio la ghafla lisilotarajiwa, kama vile gari kupinduka au mashua kuzama. Neno moja limesafiri kutoka upande wa mpango kamili hadi upande wa kutopangwa kabisa, bila ya kubadili hata silabi moja. Methali isemayo kwamba ajali haina kinga hukubali maana zote mbili, na msikilizaji hana njia ya kujua ni ipi iliyokusudiwa.

Upande wa pili una maneno ustadi, umahiri, maarifa, werevu na hila. Hapa pia kuna mpaka unaofaa kuzingatiwa. Ustadi ni ujuzi wa fundi juu ya kazi yake, ilhali hila ni ujuzi wa mtu juu ya mtu mwenzake. Mcheza bao anahitaji vyote viwili. Bao la Kiswahili halina dado wala karata za kuchanganywa. Kete zote zi wazi mbele ya wachezaji, na anayeshindwa hana pa kusingizia. Jamii iliyolea mchezo wa namna hiyo haiwezi kudhaniwa kuwa ilikabidhi kila jambo kwa kudura.

Nadharia ya michezo imeyagawa mambo haya kwa namna inayokaribiana na msamiati huu. Roger Caillois, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu michezo na watu, alitenga michezo ya ushindani, ambayo aliiita agon, na michezo ya bahati, ambayo aliiita alea. Katika ile ya kwanza mchezaji hutegemea nguvu na akili zake. Katika ya pili hujikabidhi na kungoja matokeo. Mgawanyo huo una manufaa, lakini unachukulia kwamba mchezaji anajua ameingia katika mchezo wa aina gani. Masimulizi ya Liyongo yanahusu mchezaji ambaye hakuambiwa.

3.0 Mahali na Matini

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya. Urefu wake ni takribani kilomita 1,000. Unatoka katika nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, unapita Garissa na Hola, na baada ya Garsen unatawanyika katika mabonde, maziwa na mikoko kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Nchi hiyo ya chini ni makutano ya watu: Wapokomo wakulima wa kingo za mto, Waorma wafugaji, wawindaji wa msituni, na Waswahili wa miji ya pwani. Magofu ya Ungwana, karibu na Kipini, ambayo mwanaakiolojia James Kirkman aliyaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1966, ni ushahidi kwamba palikuwa na mji wa mawe wenye misikiti na makaburi. Mikoma, ambayo itatajwa hapa chini, ni miti ya kawaida katika nchi hiyo.

Zama za Liyongo zimebishaniwa sana, na wataalamu wametofautiana kwa karne kadhaa. Kwa makala hii tarehe ya shujaa si muhimu kama tarehe za matini. Edward Steere alichapa masimulizi ya nathari kumhusu Liyongo katika mkusanyo wake wa hadithi wa mwaka 1870. Alice Werner alizuru Lamu na nchi ya Tana kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akakusanya habari za Waswahili na za Wapokomo. Utendi unaojulikana zaidi ni ule wa Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, ulioandikwa mwaka 1913 na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 1973. Mjadala unaofuata unategemea zaidi utendi huo, na nathari ya Steere inatajwa pale inapotofautiana nao kwa namna yenye maana.

4.0 Kikoa: Zamu Kama Mtego

Kikoa ni desturi ya kula pamoja kwa zamu. Kila mshiriki huleta chakula siku yake, na asiyetimiza zamu yake huvunja heshima. Katika utendi, mfalme wa Pate, aliyeihofia nguvu ya Liyongo, aliwashawishi watu wa msituni, Wasanye na Wadahalo, wamwue kwa malipo. Nao wakabuni kikoa cha makoma: kila siku mmoja wao apande mkoma na kuangusha matunda ya wenzake. Azma yao ilikuwa kwamba zamu ya Liyongo itakapofika, naye akiwa juu ya mti, mikono imeshika shina na mwili hauna kinga, wote wamlenge mishale.

Uzito wa tukio hili kwa historia ya hofu umo katika muundo wa mchezo wenyewe. Hakuna mtu anayemwambia Liyongo apande. Kanuni ndiyo inayomwambia. Zamu imezunguka, wengine wamepanda na kushuka salama, na sasa ni siku yake. Lau angeuawa, mtu wa mbali angeweza kusema kwamba siku yake ilikuwa imefika, na kauli hiyo ingekuwa kweli kwa maana mbili: siku ya zamu na siku ya ajali. Wauaji wameificha nia yao ndani ya usawa. Mchezo una sura ya haki kamili, kwa kuwa kila mtu anapanda mti uleule, lakini hatari imewekewa mchezaji mmoja tu.

Liyongo aliutegua mtego bila ya kuivunja kanuni. Alisimama chini, akavuta upinde wake, na kuyaangusha makoma kwa mishale. Kikoa kilitaka matunda, na matunda yakapatikana. Hakuna aliyeweza kulalamika ila kwa kuitoboa siri. Hapa ustadi wa kawaida, yaani shabaha, ulitumika kama hila. Kwa kufanya hivyo aliwaonyesha waliomvizia kwamba mishale yake inafika juu ya mti, na kwa hiyo inafika popote walipo wao. Hofu ikabadili upande. Walioandaa mchezo ndio waliogundua kwamba hawakuzijua kanuni zake zote.

5.0 Mkate wa Wishwa: Kujua Tabia ya Mlinzi

Tukio la pili ni la gerezani. Liyongo amefungwa na amehukumiwa kuuawa. Mamake, Mbwasho, humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hula kilicho kizuri, wakamwachia kisicho na ladha. Liyongo anamtumia mamake ujumbe kwa ushairi: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake aweke tupa. Walinzi wanaudharau mkate huo na kuuacha upite. Kisha, kama haja yake ya mwisho, Liyongo anaomba ngoma ya gungu ichezwe, na kelele za ngoma na waimbaji zinaifunika sauti ya tupa ikikata minyororo.

Msomaji wa haraka atasema kwamba Liyongo alikuwa na bahati. Mlinzi mmoja mwenye njaa, au mwenye shaka, angeuvunja mkate, na kisa kingeishia hapo. Lakini utendi umeyapanga matukio kwa uangalifu unaokanusha usomaji huo. Kabla ya mkate wa wishwa kuletwa, hadhira imekwisha kuona walinzi wakichagua kilicho kizuri. Tabia yao imejulikana. Liyongo hakubahatisha, alisoma tabia ya watu, na ulafi wao ukawa ufunguo wake. Hatari haikuondoka, ila ilipunguzwa hadi ikawa jambo linaloweza kukisiwa na mtu makini. Hivi ndivyo ustadi unavyofanya kazi katika masimulizi ya kutisha: haufuti bahati, bali huitafuta kanuni iliyojificha ndani ya jambo linaloonekana halina kanuni.

Ikumbukwe pia kwamba ustadi huo si wa mtu mmoja. Mbwasho alioka, Saada alibeba, na umati wa wachezaji gungu ulipaza sauti. Kijakazi ndiye aliyesimama mbele ya walinzi akiwa na mkate mikononi, naye hakuwa na nguvu za shujaa. Kwa upande wa hofu, mchezaji mkuu wa tukio hili ni Saada, na inastahili kusikitikiwa kwamba uhakiki mwingi umempita kama mpita njia.

6.0 Sindano na Kisima

Baada ya mbinu nyingine kushindwa, maadui walibadili njia. Walifanya yale yale aliyoyafanya Liyongo gerezani: waliitafuta tabia yake. Kwa mujibu wa utendi, walimtumia mwanawe mwenyewe, aliyezaliwa na mke wa Kigala. Katika nathari ya Steere mwuaji ni mtoto wa nduguye. Tofauti hiyo imewashughulisha wataalamu wa ukoo na urithi, lakini kimchezo matini zote mbili zinakubaliana: aliyechaguliwa alichaguliwa kwa ukaribu wake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtoto aliuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua baba, akajibiwa kwamba ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Akasubiri baba alale, akaichoma.

Wahakiki wamezoea kuiweka siri hii pamoja na kisigino cha Achilles na nywele za Samson, na kuisoma kama alama ya kadari: shujaa ana mlango mmoja wa mauti, na mlango huo hauna budi kufunguka. Usomaji huo una ukweli, lakini unaficha jambo. Sindano ni kanuni tu. Kanuni haiui mpaka pawe na mtu aliyejifunza kuitumia, mwingine aliyemtuma, na ahadi ya malipo iliyomshawishi. Utendi umewataja wote hao. Ukisema kwamba Liyongo alifikwa na ajali, mfalme wa Pate anatoka katika kisa akiwa na mikono safi. Ukisema kwamba aliuawa kwa hila, lazima ueleze hila ilipangwa wapi na nani. Hapa ndipo chaguo baina ya bahati na ustadi linapokuwa chaguo la hukumu. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako inamtaja mtoto. Haimtaji aliyemvalisha nguo hiyo. Utendi unawataja wote wawili, na hata mtoto mwenyewe hakufaidi alichoahidiwa.

Tukio linalofuata ndilo la kutisha kuliko yote. Akiwa na jeraha la mauti, Liyongo alichukua upinde na mishale, akaenda kwenye kisima cha mji, akapiga goti, akavuta upinde kama anayelenga, na akafa katika hali hiyo. Watu wa mji walimwona na hawakuthubutu kusogea. Siku zikapita bila ya mtu kuteka maji. Mamake aliombwa aende kumsihi. Hatimaye mwili ulianguka, na ndipo walipojua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Katika tukio hili hakuna ustadi, kwa kuwa mpiga upinde amekwisha kufa. Hakuna bahati pia, kwa kuwa mshale hautatoka kamwe. Hata hivyo mji mzima umekaa na kiu. Kinachowatisha ni dhana kwamba nyuma ya upinde kuna mkono. Aristotle, katika maandishi yake juu ya sanaa ya ushairi, alitoa mfano wa sanamu ya Mitys wa Argos iliyomwangukia na kumwua mtu aliyesababisha kifo cha Mitys, akasema kwamba mambo ya nasibu hustaajabisha zaidi yanapoonekana kana kwamba yamekusudiwa. Kisima cha Liyongo ni kinyume na mwenzi wa kikoa chake. Kwenye kikoa palikuwa na mkono wa mtu uliojificha ndani ya zamu. Kisimani hapana mkono wowote, lakini watu wanauona. Masimulizi haya yamezishika nchi zote mbili za hofu: kutouona mkono uliopo, na kuuona mkono usiokuwepo.

7.0 Michezo ya Video ya Kutisha

Michezo ya video ya kutisha imepita njia hiyohiyo katika muda mfupi zaidi. Katika Sweet Home, mchezo wa kampuni ya Capcom ya Japani wa mwaka 1989, mchezaji huongoza wahusika watano ndani ya jumba lenye mizimwi. Maadui hutokea kwa nasibu, na mhusika anayekufa hafufuki. Waliobaki huendelea bila yake. Kwa mchezaji, kila hatua ni kama kura. Lakini kura hiyo imepimwa: mtunga programu ndiye aliyeamua adui atokee mara ngapi na kwa nguvu gani. Kinachoitwa bahati na mchezaji ni hesabu kwa mtunzi.

Mwaka 1996 kampuni hiyohiyo ilitoa Resident Evil, ulioongozwa na Shinji Mikami na ambao mwanzo wake ulikuwa wazo la kuufanya upya Sweet Home. Mchezo huu uliwaweka maadui wengi mahali maalumu. Anayekufa katika ujia hurudi akijua nani yumo ndani ya ujia huo. Risasi ni chache, na hata nafasi za kuhifadhi mchezo zina hesabu, kwani zinahitaji utepe wa wino wa taipureta. Ustadi unaotakiwa ni ule wa Liyongo gerezani: kukumbuka tabia ya mlinzi na kujua kitakachopita bila ya kuguswa. Katika Amnesia: The Dark Descent (2010) mchezaji amenyimwa silaha kabisa, amebaki na kujificha, kukimbia na kutazama. Nguvu imeondolewa, na hila ndiyo iliyobaki.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya watunzi kuuficha mkono wao. Resident Evil 4 (2005) hupima namna mchezaji anavyocheza, na hupunguza au kuongeza ugumu bila ya kumwambia. Left 4 Dead (2008) una programu maalumu inayofuatilia hali ya wachezaji na kuamua ni lini kundi la maadui liachiliwe na ni lini pawepo utulivu. Mchezaji aliyeponea chupuchupu huamini kwamba ameokolewa na wepesi wake au na nyota yake. Yamkini ameokolewa na programu iliyoona kwamba amechoka. Hiki ni kikoa kamili: zamu ina sura ya nasibu, lakini kuna anayeipanga. Tofauti ni kwamba hapa mpangaji anataka mchezaji apande mti na kushuka akiwa hai, ili kesho arudi kucheza tena.

Katika Alien: Isolation (2014) adui mkuu hauawi kwa silaha yoyote na hafuati njia iliyokaririwa, humtafuta mchezaji kwa kusikia na kuona. Mchezaji aliyezoea kusoma tabia ya mlinzi anakuta kwamba mlinzi naye anamsoma. Hapa mchezo umefika kwenye sindano.

Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo haifai kupuuzwa. Katika mchezo wa video, kifo hurudiwa. Kila kurudi ni somo, na kidogo kidogo jambo lililokuwa la bahati mara ya kwanza huwa la ustadi mara ya kumi. Liyongo alikufa mara moja tu. Katika utendi anayerudia ni hadhira. Msikilizaji wa Lamu au wa Kipini aliyekisikia kisa mara nyingi anajua kwamba mtoto atauliza na baba atajibu. Ujuzi wake haumpi uwezo wowote wa kuyazuia yatakayotokea, na bado anaingiwa na hofu. Mchezaji wa video huogopa kwa sababu hajui. Hadhira ya utendi huogopa kwa sababu inajua na haina la kufanya. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mchezaji aliyekwisha kuumudu mchezo wa kutisha aghalabu haoni hofu tena, ilhali utendi haupungukiwi na hofu yake kwa kurudiwa.

8.0 Mto Kama Mchezo Usio na Kanuni Wazi

Inaweza kuulizwa kwa nini nchi ya Tana ya chini iendelee kulihifadhi kisa chenye swali hili. Jibu moja limo katika mto wenyewe. Kilimo cha kingo za mto kilitegemea mafuriko ya misimu miwili, ya masika na ya vuli, yaliyoacha tope lenye rutuba. Maji yakizidi, huangamiza. Yakipungua, hakuna mavuno. Mkulima alihitaji ustadi wa kusoma maji, na juu ya ustadi huo alimwomba Mungu. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni, ulioiunganisha Tana na Ozi ili mitumbwi ipite. Baadaye maji ya mto yalishika njia hiyo na kuipanua. Kazi ya mikono ya watu ikawa mto, na mkondo uliokuwa wa asili ukabaki nyuma. Ni nani angeweza kusema ni wapi ustadi ulipokoma na kudura ilipoanza?

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu mabwawa ya umeme yalipojengwa huko juu: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Mafuriko makubwa ya mwaka 1961 yaliitwa ya Mungu, na hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, na yale ya 2018 na 2024, yalishuka katika mto wenye milango. Mvua ni ya mbinguni, lakini kati ya mvua na Garsen pana mabwawa yanayojaa, yanayozuia na yanayofurika. Mtu anayehamisha watoto wake usiku kwenda mahali pa juu hana njia ya kujua ni kiasi gani cha maji yale ni cha mawingu na ni kiasi gani ni cha hesabu za watu. Yuko kama mchezaji aliyeambiwa kwamba zamu yake imefika. Neno ajali, katika kinywa chake, lina uzito wa maana zake zote mbili.

9.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba kuuliza kama mchezo wa kutisha hutegemea bahati au ustadi ni kuuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni: bahati ya nani, na ustadi wa nani? Katika kikoa, nasibu ya Liyongo ilikuwa hila ya wengine. Gerezani, bahati yake ilikuwa tabia ya walinzi aliyoisoma vyema. Katika sindano, ajali yake ilikuwa mpango uliotungwa Pate. Kisimani peke yake ndiko ambako mkono haukuwepo, na ndiko ambako watu waliuogopa zaidi. Michezo ya video imeongeza uwezo wa kuuficha mkono huo kwa kiwango ambacho watunzi wa kale hawakuwa nacho, lakini haikuubuni.

Uhakiki wa Kiswahili una la kufanya hapa. Tendi za mashujaa zimesomwa sana kama kumbukumbu za nguvu au kama mafunzo juu ya kudura, na usomaji wa aina hizo mbili umewaacha huru wapangaji wa mitego. Kadhalika, masimulizi ya Liyongo yanayoendelea kusikika Kipini, Ozi, Ngao na Garsen yanastahili kukusanywa pamoja na maelezo ya wasimulizi wenyewe kuhusu sababu ya kifo chake: ni wapi wanaposema ajali, ni wapi wanaposema hila, na ni nani wanayemtaja baada ya kusema hivyo.